Jikoni Kwetu: Samaki wa Haraka kwa Jioni ya Siku ya Kazi

Mwezi huu hatukuleta pishi la sikukuu. Tumeleta pishi la Jumanne, ile siku ambayo mama ametoka kazini amechoka, daladala zilijaa, mtoto mmoja anataka kusaidiwa hesabu na mwingine anauliza, "Mama, tunakula saa ngapi?"

Swali hilo lilituchoma mwaka uliopita. Nyumbani kwetu hapa Mwanza tulianza kufikiri juu ya chakula cha jioni tukiisha kufika mlangoni. Kilipoiva ilikuwa saa tatu, pengine saa tatu na nusu usiku. Mtoto wetu mdogo, wa darasa la pili, alikuwa amekwisha lala kwenye kochi. Tulimwamsha, akala matonge mawili, akalala tena. Wiki moja tulihesabu: katika siku tano za kazi alikula akashiba siku mbili tu. Siku nyingine tulinunua samaki wa kukaanga njiani, waliopoa na kunuka mafuta yaliyotumika mara nyingi, na hali baba watoto alikuwa amekwisha ambiwa na daktari apunguze chumvi na mafuta kwa sababu ya presha. Tuliona aibu. Ziwa liko karibu, nasi tunashindwa kuwapa watu wetu samaki mzuri kwa wakati wake!

Tukaamua kukaanga minofu ya sangara kwa mafuta kidogo juu ya moto mkali. Mara ya kwanza tuliharibu. Samaki alikuwa bado na barafu, kikaango hakijapata moto, nasi hatukutulia, tukawa tunamgeuza kila mara. Aling'ang'ania kikaango, akavunjika vipande vipande. Mama mkwe, ambaye amekulia kando ya ziwa, alikuwa ametutembelea. Akatazama, akacheka, akasema, "Mwanangu, mwache. Akiiva upande mmoja, atajiachia mwenyewe." Pishi lote limo katika maneno hayo.

MAHITAJI (watu 5)

Minofu ya sangara, vipande 5 vyenye unene wa sentimita 2 hivi
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Pilipili manga, robo kijiko cha chai
Mafuta ya alizeti, vijiko 2 vya chakula
Kitunguu 1, nyanya 3, punje 3 za kitunguu saumu
Limau 1
Mchicha mafungu 2, na unga wa ugali

KAZI YA USIKU ULIOTANGULIA

Hapa ndipo haraka inapopatikana. Tunanunua samaki Jumamosi, tunamwosha, tunamkata vipande na kumgandisha katika mifuko, kila mfuko mlo mmoja. Usiku wa kuamkia siku ya kupika tunatoa mfuko mmoja na kuuweka ndani ya bakuli, chini kabisa katika friji, ayeyuke polepole. Tusimwache mezani kutwa nzima, maana joto humharibu. Mchicha tunauchambua usiku huohuo tukiwa tunazungumza na watoto. Asiye na friji anunue samaki wa siku hiyohiyo wakati wa kurudi: nyama iwe imara, ukiibonyeza irudi, isiwe na utelezi wala harufu kali. Akiwa mzima, macho yang'ae na mashavu ya ndani yawe mekundu.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa mwenye jiko moja, songa ugali kwanza, uufunike. Kisha kaanga mchicha kidogo na uweke pembeni. Samaki awe wa mwisho, kwa kuwa hasubiri mtu.

1. Mkaushe samaki kwa kitambaa safi, pande zote. Maji yakibaki juu yake, moto wote utaishia kuyakausha hayo maji. Samaki atachemka badala ya kupata rangi, tena atanata. Tia chumvi na pilipili manga papo hapo kabla ya kumkaanga. Ukiweka chumvi mapema, itatoa maji upya.

2. Pasha kikaango kitupu dakika 2. Dondoshea tone la maji. Likirukaruka na kukauka upesi, kimepata moto. Tia mafuta, yasubiri yang'ae, lakini yasitoe moshi. Wanaotumia mkaa wangoje ushike vizuri kwanza.

3. Laza vipande ukiviinamisha upande ulio mbali nawe, mafuta yasikurukie. Usivibananishe. Kikaango kikiwa kidogo, kaanga kwa mafungu mawili.

4. Sasa mwache. Dakika 4 usimguse. Ukijaribu kumwinua naye anang'ang'ania, bado hajawa tayari; mpe dakika moja zaidi. Akiwa na rangi ya kahawia ya dhahabu atainuka bila ugomvi.

5. Mgeuze mara moja tu, punguza moto, ngoja dakika 2 au 3. Chokonoa kwa uma sehemu nene: nyama ikiwa nyeupe mpaka ndani na ikiachana kwa urahisi, ameiva. Mwondoe upesi, kwani akizidi hukauka.

6. Katika kikaango hichohicho tia kitunguu, kisha kitunguu saumu na nyanya. Kitunguu saumu tunakiweka sasa kwa sababu mwanzoni kingeungua na kuwa kichungu. Ongeza maji vijiko 2, kwangua yaliyoshika chini, na baada ya dakika 3 kamulia limau. Mimina mchuzi huu pembeni ya samaki, si juu yake, ili ule ukaukaji wa juu usilainike.

Kwa sababu limau limeleta ladha, chumvi kidogo inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, yaani pamoja na iliyomo katika mkate na mboga. Na mafuta haya vijiko 2 wanagawana watu watano. Yakibaki tusiyahifadhi kwa kesho.

Dada zetu wa pwani wanaweza kutumia kolekole au changu kwa njia hii hii. Wenye jodari au vibua wawe waangalifu zaidi: samaki hao wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi, hivyo wakae kwenye barafu tangu sokoni. Mama mjamzito aepuke papa na nduwaro, kwa kuwa wana zebaki nyingi. Na mfuko ukiwa mwepesi, tusidharau dagaa. Wakiliwa wazima na mifupa yao huwapa watoto madini ya chokaa, na mafuta yao ni mema kwa moyo.

Kwa mtoto mdogo, pitisha vidole katika mnofu kabla ya kumpa, hata kama muuzaji ameapa kwamba hauna miiba.

Jumanne iliyofuata tulifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Kijana wetu mkubwa aliteleka maji ya ugali, dada yake akakata nyanya, nasi tukakausha samaki. Saa moja na robo tulikuwa tumeketi, tumeshukuru, tunakula. Mdogo wetu alimaliza sahani yake akiwa macho makavu, kisha akaanza kutusimulia habari ndefu ya rafiki yake aliyepoteza kiatu shuleni. Tulitambua kwamba hadithi kama hizo zilikuwa zikilala naye kwenye kochi kila jioni.

Basi tujaribu, walau siku mbili katika wiki. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kiporo cha ugali na namna ya kukifanya kifungua kinywa kizuri.