Kaye ya shofere isomwe mbele ya kamioneti kutoka

Wandugu wa kazi, na ninyi wamama na watoto wenye mnabaki ku nyumba: kila asubuhi, mbele jua haijatoka, kamioneti zinazunguka mu Kolwezi, mu Likasi, mu Fungurume, kubeba watu ya zamu. Nyingi ni Hilux na Land Cruiser. Ni gari nguvu, hakuna mwenye anakataa. Lakini hata gari nguvu inachoka, na ya kwetu inachoka haraka: vumbi tangu mwezi wa tano, matope tangu mvua inaanza, mashimo mu barabara, na kushuka mu karieri mara mingi kwa siku moja.

Ajali ikitokea, tunasikia neno moja tu: "freni ilikatala." Kesho yake shofere anapata barua ya kuomba maelezo, na juma haijaisha yeye njo mwenye makosa. Sisi wa sindika tunasema hapana. Freni haikatalake kwa siku moja. Kamioneti inasemaka mbele. Shida ni kujua nani anaisikia, na nani anaandika, na nani anasoma yenye imeandikwa.

Tuanze na freni, juu njo inaua. Mafuta ya freni inavuta maji ya mu hewa polepole, hata kama kibuyu chake kimefungwa muzuri. Njo maana inapaswa kutolewa yote na kutiwa mpya, wengi wanasema kila miaka mbili, si kuongeza tu ile yenye imepunguka. Wakati kamioneti imejaa watu na inashuka muteremuko murefu, freni inapata moto, yale maji yanachemka na kugeuka mvuke. Mvuke unafinywa sawa mupira. Shofere anakanyaga, pedali inaenda hadi chini, gari haisimame. Hapo usiseme shofere alilala.

Dalili zake ziko wazi. Pedali ikikuwa laini, na ukikanyaga mara mbili tatu inapanda tena, kuna hewa ao mvuke ndani. Ukikanyaga na kushikilia, nayo inaendelea kushuka polepole chini ya muguu, mafuta inatoka fulani: angalia nyuma ya magurudumu na chini ya gari, ao pompi kubwa ya freni imechoka ndani. Sauti ya chuma kukwaruza chuma ni kwamba plaketi zimekwisha, haina haja ya mekanisie kutoka Lubumbashi kuja kuisema. Gari ikivuta upande moja wakati wa kusimama, gurudumu moja haifanye kazi sawa ya lingine. Na shofere mwenye anajua kazi yake anashukaka na vitesi ndogo, anaachia moteri kushika gari; yule mwenye anashuka na vitesi kubwa anachoma freni kabla hajafika chini.

Kuhusu umeme, batri inasingiziwa sana. Gari haiwake, mara moja wanaomba batri mpya. Pima kwanza. Batri nzima yenye imepumzika, moteri imezimika, inaonyesha volti 12,6 hivi. Moteri ikizunguka, inapaswa kupanda karibu 14. Ikibaki 12 na inaendelea kushuka, basi alternateri haichaje, ao mukanda wake umelegea, na batri mpya itakufa vilevile. Kama volti ni nzuri lakini unasikia "tak" tu, angalia vichwa vya batri: ile unga nyeupe ao ya kijani inazuia umeme. Angalia pia waya ya masi yenye inafunga batri ku shasi. Mu viwanda vya shaba vyenye vinatumia asidi ya sulfiriki, waya na buloni zinakulika upesi, kwa hiyo kusafisha si kazi ya mara moja kwa mwaka.

Fuzibi, hatutaki hata kuisema kwa sauti ndogo. Fuzibi iliwekwa ili ikufe mbele ya waya. Mwenye anatoa ya ampeeri 15 na kutia ya 30, ao anafunga karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara, hajarekebisha kitu: amehamisha moto ndani ya waya, na waya zinapita chini ya viti vya watu.

Moshi pia inaongea. Mweusi: mara mingi filtri ya hewa imejaa vumbi, hiyo ni ya kupuliza ao kubadilisha, si ya kugonga ukutani. Ya bluu: moteri inakula mafuta yake yenyewe. Mweupe yenye haiishe hata moteri imekwisha kupata moto: angalia maji ya radiateri, huenda inaingia ndani ya moteri. Moteri ikikohoa na kukosa nguvu, fungua kibonyezo cha chini ya filtri ya mazutu. Kama mazutu ilitoka mu fûti yenye ilikaa wazi mu mvua, utaona maji inatoka. Na radiateri ikichemka, usifungue kifuniko. Acha ipoe. Tumeona nyuso za vijana zenye zilichomwa na hayo maji.

Haya yote washofere wanayajua kuliko sisi. Tumeyaandika juu ya wenye wanapanda nyuma, wasidanganywe.

Sasa, kaye. Tulishika kaye ya kamioneti moja ya kampuni moja ya sutretansi, jina hatutaji. Siku nne za kufuatana shofere aliandika: "pedali ya freni laini." Chini yake hakuna saini, hakuna neno, hata alama ya vidole. Siku ya tano kamioneti ilitoka na watu nyuma, ikaingia mu mutaro, mutu moja akavunjika mukono. Barua ya kuomba maelezo ilikwenda kwa nani? Kwa shofere.

Wakubwa wanatujibu ya kwamba kusimamisha gari ni kusimamisha zamu, na kwamba kuna washofere wenye wanasema "panne" ili walale. Wako, hatukatae. Na wako wenye wanauza mazutu ya gari kisha wanasema filtri. Lakini kupima pedali inachukua dakika mbili, mbele ya shefu wa garaji na shofere pamoja. Mwenye anadanganya atajulikana palepale. Yule mwenye hadanganye atarudi kwake jioni.

Kampuni kubwa nayo inasema: "Hiyo gari si ya kwetu, ni ya sutretansi." Watu wenye wako ndani wanachimba shaba ya nani? Kodi ya ile gari inatoka mu mufuko gani? Waandike mu kontra: kamioneti bila kaye yenye imesainiwa haipite geti.

Kodi ya kazi, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajua komite ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Mu kampuni mingi ile komite inajua upambaji tu: maua ku geti wakati wageni wanakuja. Tunataka iketi na kaye mezani. Tunataka saini mbili kila asubuhi, ya shofere na ya garaji, na kopi kwa delege. Na shofere mwenye ameandika kosa la gari asipewe barua wala kukatwa primi juu ya siku yenye gari ilisimama.

Ninyi wenye mnapanda nyuma: mukisikia chuma inakwaruza, pigeni paa, muteremuke. Mukiwa kumi mumeteremuka pamoja, hakuna mwenye atafukuza kumi kwa asubuhi moja. Mukiwa moja, leteni jina la gari na saa kwa delege siku ileile. Wamama, mukiuliza bwana jioni kama salere imeingia, ulizeni pia kama kaye imesainiwa. Madelege wenye hawajaona kaye za gari zao waziombe kwa barua juma hii, na kopi ya barua ibaki mu biro ya sindika.