Ngozi haina laana



Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12, Miriamu na Haruni wanamsema ndugu yao Musa kwa sababu ameoa mwanamke Mkushi, yaani mtu wa nchi za kusini mwa Misri, walikokaa watu weusi. Mungu anakasirika. Miriamu anapigwa ukoma, ngozi yake inakuwa nyeupe kama theluji, naye anatengwa nje ya kambi siku saba. Taifa zima linasimama. Halisafiri mpaka arudi.

Niliikumbuka sura hiyo hivi karibuni huku Kibimba, mzee mmoja alipokuja kuniomba nisitangaze ndoa ya mwanawe. "Padre, yule binti si mwenzetu. Tazama rangi yake, tazama pua yake. Asili yao ni ya mbali."

Nikamuuliza, "Mzee wangu, watoto wako wote wana rangi moja?"

Akacheka. "Hapana. Wa kwanza ni mweusi tii kama babu yake, kitinda mimba ni maji ya kunde."

"Basi yupi kati yao si wako?"

Akanyamaza.

Tusimcheke mzee huyu. Maneno yake hayakuota shambani kwake. Yaliletwa, tena yalipitia njia za huku kwetu. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alipita Usui, nchi ya Wasubi katika Biharamulo ya leo, akafika Karagwe kwa Mukama Rumanika. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 aliwaeleza Waafrika weusi kuwa uzao wa Hamu, wanaoishi chini ya laana ya Nuhu. Lakini watawala wa Kihima, ambao sura zao zilimpendeza, alisema asili yao ni Ethiopia. Baada yake watawala wa kikoloni, na tukiri, wamisionari wetu wengi pia, waliyarudia hayo shuleni na vitabuni. Huko Rwanda na Burundi, Mtutsi akafanywa mgeni aliyezaliwa kutawala, na Mhutu akafanywa mtu wa chini.

Fungua Mwanzo 9 ujisomee. Nuhu hakumlaani Hamu, alimlaani Kanaani. Na rangi ya ngozi haitajwi hata mara moja. Laana hiyo ya weusi iliandikwa na watu, si na Roho Mtakatifu.

Sayansi nayo inatusaidia. Weusi wa ngozi hutokana na melanini, kinga ambayo mwili hujitengenezea. Penye jua kali ngozi nyeusi huulinda mwili. Penye jua hafifu ngozi nyeupe huusaidia kupata vitamini D. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama, na kila mimba huchanganywa upya. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima ngozi za watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Botswana na Tanzania yetu, na vinasaba vya wengi wao. Waliona kwamba vinasaba vingi vya weusi, na vya weupe pia, vina umri wa zaidi ya miaka 300,000. Vilikuwepo kabla hakujawa na kabila wala taifa lolote. Kimoja cha weupe kilikuja Afrika Mashariki kutoka nje ya bara miaka elfu kadhaa iliyopita, kikaingia katika damu zetu. Tumechanganyika tangu zamani. Rangi haiwezi kukuambia nani mwenyeji na nani mgeni, sembuse nani mwema.

Kwa nini nayasema haya Dominika? Kwa sababu mwaka 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia umati kwamba Watutsi warudishwe kwao Ethiopia, kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera hupita Rusumo, hapa Ngara. Mwaka 1994 mto ulituletea miili. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24, tukawapokea Benaco. Wazee wa Ngara hawahitaji kusimuliwa. Nadharia ya msafiri mmoja ilikuwa imefika mtoni.

Basi, mzazi mwenzangu katika imani, mwanao akileta mchumba, uliza juu ya imani yake, tabia yake na bidii yake ya kazi. Usiulize pua. Neno dogo unalolisema jikoni juu ya "wale", mtoto analisikia, naye atakua nalo.

Tukumbuke pia mwisho wa Miriamu. Aliyemwombea apone ni Musa, yuleyule aliyesemwa. Na watu wote walimngoja.

Ndoa ile nimeshaitangaza mara mbili. Bado tangazo moja. Mzee hajaonekana kanisani tangu siku ile. Tunamngoja.

Dominika njema.