Harusi ya Masaa Matatu Ndani ya GB 2

Wadau, leo nina neno na mafundi wetu wa video wa Mbeya na Iringa. Kamera wanazo, wanajituma, kila ukumbi utawakuta, kuanzia Mwanjelwa mpaka Kihesa. Lakini ikifika kurenda, haraka inawaponza. Wazee wakitoa nasaha, picha safi. Wapambe wakiingia wanacheza, taa zinawakawaka, picha inageuka vigae vigae. Bibi harusi hatambuliki hata na mama yake!

Tatizo ni hesabu. Tangu 2022 WhatsApp inapokea faili la hadi GB 2, na ndugu wa mbali wanalisubiri. Gawa sherehe ya masaa matatu humo, unapata kama biti milioni 1.5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Kidogo hicho kinataka mgawaji mwenye akili. Mzee aliyesimama na maiki anahitaji biti chache, maana fremu moja inafanana na iliyotangulia. Ngoma inahitaji nyingi, kwani kila kitu kinabadilika.

Programu ikipita mara moja inagawa bila kujua mbele kuna nini. Ikipita mara mbili (kwenye programu nyingi utaona '2-pass'), safari ya kwanza haitoi video. Inakagua yote na kuandika wapi pagumu, wapi rahisi. Safari ya pili ndiyo inagawa. Ni kama mwandishi aliyepewa maneno 400: asome kwanza notibuku nzima, asije akamalizia nafasi kwenye salamu za mgeni rasmi.

Utetezi naujua: muda. Kweli, kazi inaweza kukaribia mara mbili, na umeme ukikatika huenda ukaanza upya. Lakini harusi hairudiwi. Picha halisi zikishafutwa kwenye kadi, biti zilizotupwa hazirudi tena.

Sisemi tupite mara mbili kila kazi. Mteja akileta flashi ya GB 64, chagua kiwango cha ubora (x264 inakiita CRF), pito moja latosha. Ya YouTube usihangaike, wenyewe wataibana upya. Wapelekee faili lenye ubora wa juu. Matangazo ya moja kwa moja hayawezekani, utakaguaje kisichotokea? Hata VCD za enzi zile zisingenufaika: kiwango kilifungwa kwenye biti 1,150,000 hivi kwa sekunde, diski ikabeba dakika 74 hadi 80, ndiyo maana filamu ndefu ilihitaji diski mbili.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ukubwa wa faili ukishapangwa, pita mara mbili. Ukubwa ukiwa huru, mara moja. Na bado si muujiza. Biti zikiwa chache mno, punguza hotuba.

Mteja naye, kabla hajamalizia malipo, aombe kuonyeshwa wapambe wakiingia, asiridhike na hotuba ya mzee. Naomba kuwasilisha.