Kompyuta za ARM: Unafuu wa Bei Pekee Hautoshi

Kompyuta ya mezani inayotumia prosesa ya ARM si kitu kigeni tena. Tangu Februari 2012, Raspberry Pi ya kwanza ilipoingia sokoni nchini Uingereza kwa dola 35 za Marekani, watumiaji wameweza kuendesha Linux, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, kwenye kifaa kidogo kisichohitaji feni wala umeme mwingi. Mwaka 2020 ikafuata Raspberry Pi 400, kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya kibodi na kutumia adapta ya takriban wati 15.

Hata hivyo, ipo tofauti moja isiyoonekana dukani. Kompyuta za kawaida zenye prosesa za Intel au AMD huutambulisha mfumo endeshi kwa vifaa vilivyomo ndani yake kwa utaratibu mmoja unaofahamika. Mashine nyingi za ARM hazina utaratibu huo. Mfumo endeshi hupewa faili linaloorodhesha vifaa vya modeli husika. Faili hilo likikosekana, kompyuta isiyo na hitilafu yoyote huweza kubaki skrini nyeusi.

Mfano ulio wazi ni Mac mini ya Apple yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Apple haikuzuia kuwekwa mfumo mwingine, lakini haikutoa nyaraka za kueleza vifaa vyake. Wataalamu wa mradi wa Asahi Linux walilazimika kuichunguza mashine hiyo kifaa kimoja baada ya kingine. Uwezo wa awali wa kuiendesha uliingia katika Linux 5.13, Juni 2021. OpenBSD ikafuata kwa toleo la 7.1, Aprili 2022. Julai mwaka huo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitoa toleo la 5.19 akitumia kompyuta mpakato ya Apple yenye chipu ya ARM. Ni mafanikio ya kupongezwa, ila yametokana na juhudi za watu wachache, si dhamana ya mtengenezaji.

Kwa upande wa programu hali ni nzuri zaidi. Debian imetoa rasmi toleo la ARM la biti 64 tangu 2015, na ndani yake zimo LibreOffice na Firefox. Ugumu hujitokeza kwa programu ambazo msimbo chanzo wake haujawekwa wazi. Baadhi ya watengenezaji wa printa, kwa mfano, hutoa programu za kuziendesha kwa prosesa za Intel na AMD pekee, na ofisi huligundua hilo siku ya kuchapa barua ya haraka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji iwapo modeli anayoiuza imo katika Linux rasmi au hutegemea nakala maalumu ya mtengenezaji. Nakala ya namna hiyo ikiachwa bila masasisho ya usalama, kompyuta itaendelea kuwaka kila asubuhi, huku mianya yake ikibaki wazi.