Msinipigie Hesabu: Nataka Besi Isiyo na Freti

Kwenye simu yangu kuna shilingi 1,400,000. Nimezikusanya kwa miezi kumi na moja, nyingi kwa kupiga besi kwenye harusi za Tabata, Kimara na Mbezi. Kompyuta yangu imekufa kioo. Tasnifu yangu ya uzamili, ya upimaji ardhi, imekwama sura ya tatu. Na huko Ilala kuna mwanamuziki mstaafu anayeuza besi ya umeme isiyo na freti kwa bei hiyohiyo, hapunguzi hata mia.

Kila niliyemwomba ushauri ameniambia ninunue kompyuta. Mwenzangu wa chumbani alinitazama kama mtu aliyetapeliwa: "Kaka, yaani unataka kununua gitaa lililong'olewa vyuma kwa bei ya lenye vyuma?" Mama alikuwa mpole zaidi. "Kinunue kitu cha kazi, mwanangu. Hilo la starehe utalinunua ukishaajiriwa." Kiongozi wa bendi yetu ya harusi aliniuliza swali moja tu: "Itatuingizia nini?"

Nimelitafuna swali hilo wiki tatu, na nimefika mahali pa kusema kwamba ni swali bovu. Ubovu wake ndio unaonifanya niandike.

Kwa wasiojua, freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi, noti inatoka pale chuma kilipo, si pale kidole kilipo. Ndiyo maana anayeanza kujifunza anaweza kuweka kidole ovyo na bado asikike sawa. Leo Fender wa California alipotoa besi yake ya umeme yenye freti mwaka 1951, aliiita Precision, yaani usahihi. Jina lilikuwa la haki. Wapiga besi wa wakati ule walibeba lidude la mbao refu kuliko wao, lisilo na alama yoyote shingoni, na kila noti waliitafuta kwa sikio. Fender aliwapa alama. Mimi ni mpima ardhi, naelewa thamani ya alama. Bikoni ikishafukiwa kwenye kona ya kiwanja, majirani wanalala usingizi.

Lakini bikoni inasema pia kwamba kuna mtu alishaamua mpaka uwe hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Kila Ijumaa ya pili napanda boti kwenda Mji Mkongwe kufanya mazoezi na kikundi cha taarab cha wazee na vijana wachache. Kuna udi, fidla tatu, ganuni, nai, dumbak, kodiani, na mimi na besi yangu ya umeme, kwa sababu aliyekuwa akipiga besi kubwa ya kusimama amezeeka na mgongo umemkataa. Katika orodha hiyo, udi hauna freti. Fidla hazina freti. Ile besi kubwa haikuwa na freti. Mwenye vyuma ni mimi.

Tukipiga bashrafu ya maqam Rast kuanzia Do, noti ya tatu si Mi, wala si Mi iliyoshushwa nusu toni. Inakaa katikati yao. Jina lake la Kiarabu ni sika. Udi unaifikia, fidla zinaifikia, nai inaifikia. Mimi nina chuma juu yake na chuma chini yake. Siku ya kwanza niliipiga Mi ya kawaida, na Maalim, kiongozi wetu, akasimamisha watu wote. Hakunigombeza. Alisema, "Hapo usiguse, mwanangu. Pumzika." Noti ya saba nayo vilevile: pumzika.

Nimepumzika miaka miwili. Katika wimbo wenye noti saba, mimi nina tano. Kodiani naye hupumzika pamoja nami, tunatazamana kama watoto waliotolewa nje ya darasa.

Siku moja nilichukua rula. Kwenye besi yangu, yenye uzi wa inchi 34, kutoka freti ya kwanza hadi ya pili ni sentimita nne na nusu za mbao. Naweza kuweka kidole popote ndani ya nafasi hiyo, mwanzo, kati au mwisho, na noti inayotoka ni moja. Kwenye uzi wa Re, sika iko humo ndani, kama sentimita saba kutoka mwanzo wa shingo. Naishika kila wiki, na haisikiki.

Watu wema wamenipa njia za mkato. Vuta uzi, wanasema, kama wapiga gitaa la solo. Jaribu wewe kuvuta uzi mnene wa besi karibu na mwanzo wa shingo: noti inafika imechelewa na inalalamika. Ng'oa freti za besi uliyonayo, wanasema wengine. Inasimuliwa kwamba Jaco Pastorius aling'oa za Jazz Bass yake ya mwaka 1962, akaziba mifereji, akapaka gundi ngumu ya mashua, kisha mwaka 1976 akatoa albamu iliyowafanya wapiga besi wengi watamani kuanza upya. Sawa. Lakini besi niliyonayo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Bendi ya harusi inahitaji vyuma vyake, na siwezi kuing'oa meno punda anayenibeba.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliniunga mkono, na kusema kweli, hoja yake ilinikera kuliko za wapinzani. Alisema ninunue kwa sababu freti ni ukoloni na noti za katikati ni "utamaduni wetu halisi." Hapana. Wazee wa Unguja husimulia jinsi Sultani Barghash alivyomtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kwamba ganuni ilirudi naye. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na watu waliokuwa wakitazama Kairo. Fidla ni ya Ulaya. Siti binti Saad alirekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Taarab haijawahi kuogopa boti. Na upande wa pili, nani atasema gitaa lenye freti si letu, akiwa amewahi kusimama mbele ya Msondo Ngoma au Mlimani Park na kusikia magitaa matatu yakijibizana bila kugongana? Freti ndizo zinazowafanya wakae pamoja. Sina ugomvi na chuma.

Ugomvi wangu ni na neno "kitu cha kazi."

Angalia linavyofanya kazi. Besi yenye freti ni kitu cha kazi kwa sababu nyimbo zinazolipwa zimeshatungwa kwa noti zake. Besi isiyo na freti ni starehe kwa sababu nyimbo zinazoihitaji hazilipi. Basi tukimfuata kila mwenye kuuliza "itatuingizia nini," tutaendelea kununua vyombo vya nyimbo zinazolipa, na zile nyingine zitazidi kutolipa, na baada ya miaka ishirini mtu ataandika makala ya majonzi kuhusu kupotea kwake. Huyo mtu atakuwa na kompyuta nzuri sana.

Kizazi chetu kimefundishwa kujikagua kama duka. Kozi uliyosoma, itakuajiri? Lugha unayojifunza, ina soko? Kitabu unachosoma, kiko kwenye silabasi? Tumeshaizoea hesabu hii hadi tunaifanya wenyewe usiku, bila kusimamiwa. Sisemi fedha si kitu. Nimelala bila kula chuoni, najua fedha ni nini. Nasema kwamba mtu anayekupigia hesabu ametanguliza jibu lake ndani ya kipimo. Amepima kwa rula yenye alama kumi na mbili, kisha anashangaa kwamba hakuna kitu katikati.

Tuwe wakweli upande wa pili pia. Watu wengi wanaotamani besi hii hawaihitaji. Wamesikia ule mlio wake unaolia kama mtu anayeongea na mdomo umejaa, wakaupenda, na baada ya miezi miwili chombo kinaning'inia ukutani. Hata mimi kuna usiku niliutaka mlio tu. Kwa hiyo nilijiwekea swali, na nawaachia wenye tamaa kama yangu: je, kuna noti unayoihitaji kila wiki na huwezi kuipiga? Kama haipo, baki na fedha yako. Kama ipo, acha kuomba ruhusa.

Na gharama haiishii kwenye bei. Nyuzi za kawaida za besi zina mikwaruzo kama tupa. Zitakula mbao ya shingo, hivyo nitahitaji nyuzi bapa, ambazo ni ghali. Halafu kuna gharama ya aibu. Mwenye besi aliniazima kwa Ijumaa moja, nikaivusha baharini nimeikumbatia. Shingo yake ina mistari iliyochorwa pale freti zingekuwa. Nikajidanganya kwamba mpima ardhi hawezi kushindwa na mistari: nilishajua sika iko sentimita ngapi. Kidole changu kina upana wa zaidi ya sentimita moja. Niliipiga Rast kwa mara ya kwanza bila kupumzika, na noti ya tatu ikatoka chini, kisha juu, kisha mahali ambapo hata sijui pa kupaita. Fidla ya pili alicheka waziwazi. Nikasema labda nipime vizuri zaidi. Maalim akatikisa kichwa: sika ya Bayati, alisema, hukaa chini kidogo kuliko ya Rast, na rula haitakwambia lini. "Lakini afadhali," akasema. "Jana ulikuwa unakosewa na chuma. Leo unakosea mwenyewe."

Nilipiga vibaya saa mbili nzima. Mara tatu, labda nne, noti ilikaa. Ikikaa, udi na besi vinashikana na chumba kinatulia kidogo, na fidla hachezi tena na uso wake. Kodiani alinitazama kutoka kule kwenye kimya chetu cha zamani. Sikujua nimwambie nini.

Siku ya kurudisha besi Ilala, yule mzee aliniuliza kama bado naitaka. Nilimwambia nina mitihani ya kuamua. Ulikuwa uongo wa adabu. Nilikuwa nimeshaamua ndani ya boti, na nilikuwa naogopa kumwambia mama.

Mama sasa anajua. Amesema, "Haya, utaona mwenyewe," na katika nyumba yetu hayo ni karibu na baraka. Jumamosi nakwenda kulipa. Kompyuta nimeiunganisha na televisheni ya mwenzangu wa chumbani, kwa sababu kilichokufa ni kioo tu, na sura ya tatu inaendelea kwa herufi kubwa kama tangazo la barabarani. Makala hii pia nimeiandika hapo. Mechi inaanza saa nne, na ameshaniambia mara mbili niondoe mambo yangu.