Hakimu wa Mita Mia Nne

Miongoni mwa maswali yanayoikabili miji tangu gari lilipokuwa mali ya mtu wa kawaida, liko moja ambalo hujibiwa kwa haraka kuliko linavyotafakariwa, nalo ni hili: kijana mwenye gari la kila siku, alilolitengeneza kidogo kwa fedha yake na kwa mikono yake, na mwenye shauku ya kulishindanisha na gari la mwenziwe, je, afukuzwe na polisi kila atokeapo, au apewe mahali halali pa kutimizia shauku hiyo? Jibu la haraka ni kwamba afukuzwe, kwa kuwa njia ni ya umma na roho za watu si kitu cha kuchezewa. Sina nia ya kulipinga jibu hilo, maana ni la haki. Nataka kuuliza limebakisha nini, na kwa nini miji iliyotosheka nalo peke yake imekuwa ikilirudia kizazi baada ya kizazi bila ya kuyamaliza maradhi.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelezea. Magari mawili husimama sambamba, ishara hutolewa, kisha kila moja hukimbia katika mstari mnyoofu masafa ya robo maili, yaani mita 402, na mambo yamekwisha. Gari la familia lisiloongezwa kitu aghalabu huyamaliza masafa hayo kwa sekunde 15 hadi 18. Mwenye gari la namna hiyo hana karakana ya kitajiri wala mdhamini: hubadilisha kichujio cha hewa, hufunga bomba la moshi lililo pana zaidi, hununua tairi zinazoshika lami vizuri, hutoa tairi ya akiba na viti vya nyuma ili gari liwe jepesi, na akijaliwa kidogo humwendea fundi akairekebisha kompyuta inayotawala mafuta na cheche za injini. Jumla ya juhudi hiyo yote mara nyingi haimpunguzii hata sekunde moja kamili. Kwa mtazamaji jambo hili ni upuuzi, ila kwa mwenyewe ile sehemu ya sekunde ni ithibati kwamba amefahamu kitu ambacho jana hakukifahamu.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri, na ndipo wanaotunga sheria wanapopita bila ya kupatazama. Tunadhani kijana huyu anatafuta kasi. Lakini kasi anayo kila siku katika barabara kuu, na gari lake lina uwezo wa kukimbia zaidi ya anavyoruhusiwa tangu siku alipolinunua. Anachokitafuta ni hukumu. Ametia gharama na maarifa katika chombo chake, na anataka kuambiwa, na mtu au kitu kisichompendelea wala kumchukia, kama maarifa yale ni ya kweli au ni ghururi. Barabarani hakuna hakimu wa namna hiyo. Mmoja atasema mwenziwe aliondoka kabla ya ishara, wa pili atasema lami ya upande wake ilikuwa na mchanga, wa tatu atasema mwisho wa mbio ulikuwa kwenye nguzo ile na si nguzo hii. Na kwa kuwa ubishi hauna wa kuukata, dawa yake huwa ni kurudia, na kurudia, na kuongeza dau la fedha juu yake. Muuzaji na mnunuzi wasio na mizani hubishana sokoni mpaka jua lichwe, na tofauti ni kwamba ubishi wa hawa vijana hupimwa kwa miili ya wapita njia.

Wala hatari hiyo si ya kukuzwa kwa maneno tu. Gari la kawaida hufika mwisho wa robo maili likiwa na mwendo wa kilomita 140 kwa saa au karibu yake. Nguvu iliyobebwa na chombo chenye mwendo haiongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake; kwa hiyo breki za gari linalokwenda kilomita 140 zina kazi takriban mara nane ya kazi ziliyo nayo gari hilo hilo likienda kilomita 50, mwendo unaoruhusiwa mjini. Kwa kasi hiyo dereva aliyeshtuka kwa sekunde moja tu huwa amekwisha pita karibu mita 39 kabla mguu haujagusa breki. Barabara ya mji, yenye vichochoro, watembea kwa miguu na magari yanayogeuka, haikupimwa kwa hesabu hizo. Kiwanja cha mbio kimepimwa: baada ya mstari wa mwisho kuna masafa mengine marefu ya kupunguzia mwendo, kuna kuta kandoni, na kuna watu wa kuzima moto na wa huduma ya kwanza wanaongoja.

Lakini fadhila kubwa ya kiwanja, kwa rai yangu, ni ile karatasi ndogo anayopewa dereva baada ya kukimbia. Miale ya mwanga iliyopita juu ya lami huandika kila jambo: ni muda gani ulipita tangu taa ya kijani kuwaka mpaka gari likaondoka, ni muda gani lilitumia katika mita 18 za mwanzo, katika nusu ya njia, na hata mwisho, na mwendo wake ulikuwa kiasi gani. Saa ya gari huanza kuhesabu linapoondoka na si taa inapowaka, na kwa sababu hiyo hutokea mara kwa mara kwamba aliyeikimbia njia kwa muda mrefu zaidi ndiye aliyeshinda, kwa kuwa mwenziwe alisinzia mwanzoni. Na aliyeondoka kabla ya kijani huwashiwa nyekundu na kutolewa pale pale, bila ya rufaa. Kijana aliyekwenda kiwanjani akiamini kwamba anahitaji injini kubwa husoma karatasi hiyo akagundua kwamba alichohitaji ni utulivu wa mguu, kwa maana tairi zake zilizunguka bure katika mita zile 18 za kwanza. Hapana mahubiri ya mzazi wala ya askari yanayoweza kumfikisha kwenye ilimu hiyo.

Ipo kanuni nyingine iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya kawaida hasa, nayo ni ya ajabu kwa anayeisikia mara ya kwanza. Kila dereva huandika juu ya kioo muda anaokadiria kuutumia. Aliyeandika sekunde 17 akikutana na aliyeandika 14, wa kwanza huachiwa atangulie sekunde tatu, ili wote wawili, wakitimiza makadirio yao, wafike pamoja. Na ili asiwepo mwenye kuandika uongo kwa kujinufaisha, aliyeupita muda wake mwenyewe kwa kwenda kasi kuliko alivyoandika hupoteza mbio. Basi gari kuukuu la mtumishi wa kawaida laweza kulishinda gari la fahari, na ushindi wenyewe haumwendei mwenye kasi kubwa bali mwenye kulijua gari lake na kusema kweli juu yake. Mchezo unaomwadhibu mtu kwa kukimbia kupita alivyoahidi haustahili kuitwa shule ya wazimu.

Haya hayakuanzia katika nadharia. Kusini mwa California, vijana walikuwa wakipimana kasi katika maziwa makavu ya jangwani tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na vyama vyao vilikusanywa chini ya jumuiya moja mwaka 1937. Vita vilipokwisha, vijana waliorudi na ujuzi wa mitambo na fedha kidogo mfukoni waliuleta ushindani huo mijini, na kelele za umma zikapanda kama zinavyopanda leo. Mwaka 1950 kiwanja cha kulipia kilifunguliwa katika uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka uliofuata, Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa jarida la Hot Rod, aliunda chama cha taifa cha mbio hizo, NHRA, na mwaka 1953 chama hicho kikaendesha mashindano yake ya kwanza katika kiwanja cha maonyesho cha Pomona. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba mkuu wa polisi wa Pomona, Ralph Parker, hakuwa mpinzani wa jambo hilo bali msaidizi wake, na askari wa mji huo huo, Bud Coons, ndiye aliyeongoza mwaka 1954 msafara uliozunguka miji ya Marekani kuwafundisha wenyeji namna ya kuendesha mbio kwa usalama. Walinzi wa sheria waliona kwamba kazi yao ingekuwa nyepesi zaidi kama kungekuwa na mahali pa kumwelekeza mkosaji.

Katika Los Angeles somo hilo lilichukua sura nyingine. Baada ya ghasia za Watts za mwaka 1965, Willie Robinson, mtu mweusi mwenye umbo kubwa mno, aliwakusanya wakimbiza magari wa rangi na mitaa mbalimbali katika udugu mmoja, na mwaka 1974 wakapata kiwanja katika Terminal Island, ndani ya bandari. Hapo walikutana watu ambao mahali pengine wangalikutana kwa uadui. Walakini kiwanja hicho kilifungwa na kufunguliwa mara nyingi, mpaka kikafungwa kabisa mwaka 1995, kwa kuwa ardhi ya bandari ina watu wengi wanaoitaka.

Kisa hicho chatuleta kwenye hoja za wanaopinga, ambazo si haki kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba kiwanja huchochea hamu badala ya kuituliza. Hamu huchochewa, nakubali. Ila huchochewa mbele ya mlango wenye mkaguzi, anayetazama kama betri imefungwa imara, kama tairi ni nzima, kama kuna mafuta yanayovuja. Kwa kanuni za NHRA, gari linaloshuka chini ya sekunde 14 humlazimu dereva wake kuvaa kofia ngumu, na kadiri muda unavyozidi kupungua ndivyo yanavyodaiwa mavazi ya moto na fremu ya chuma ya kumhifadhi. Kasi, basi, ina gharama inayopanda ngazi kwa ngazi, na wengi husimama katika ngazi ya chini wakiwa wameridhika. Barabarani ngazi hazipo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba wako wasiotaka hukumu yoyote, wanaotaka halaiki, moshi wa tairi na hofu machoni mwa wengine, na kwamba hao hawatakwenda kiwanjani hata wakilipwa. Ni kweli, na makundi yanayofunga njia panda za California usiku na kuzungusha magari ni dalili yake. Kiwanja hakikukomesha mbio za barabarani huko, na anayekiuza kwa ahadi hiyo anauza asichonacho. Lakini watu wa aina mbili wanapochanganyika gizani, sheria huwapiga wote kwa fimbo moja. Mmoja akipewa pa kwenda, aliyebaki njiani huwa amejitambulisha mwenyewe.

Hoja ya tatu ni ya ardhi, kelele na fedha, nayo ndiyo inayoviua viwanja zaidi ya zote. Kiwanja cha Atlanta kilifungwa mwaka 2021. Cha Houston, na kile cha Bandimere katika Colorado kilichokuwa kikiendeshwa tangu mwaka 1958, vilifikia mwisho mwaka 2023. Nyumba husogea, bei ya ardhi hupanda, na jirani aliyekuja baadaye hulalamikia kelele zilizomtangulia. Mtu binafsi hawezi kushindana na nguvu hizo milele, na kwa hiyo neno la mamlaka ya umma juu ya ardhi ni la lazima.

Na huku kwetu je? Magari yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, Subaru na Toyota zilizokwisha tumika, mengine huja na turbo kutoka kiwandani, na vijana wetu wanajua kuyaongezea nguvu. Sheria inawakataza kushindana katika njia za umma bila ruhusa, na ni vema. Lakini serikali zetu zimekwisha kubali tangu zamani kwamba mbio za magari zaweza kupewa idhini: Safari Rally ilianza mwaka 1953, na iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, njia za Naivasha zilifungwa, polisi wakasimama kulinda, na wakuu wa nchi wakapiga makofi. Ndugu zetu wa Ghuba nao wameona hivyo; Bahrain ina njia ya mbio za mstari mnyoofu katika uwanja wake wa Sakhir. Basi neno la kwamba dola haiwezi kushiriki katika mambo ya kasi halina msingi. Kilichopo ni kwamba rali ni ya mwenye mali nyingi, ilhali mwenye gari moja, analolipeleka kazini Jumatatu, hutazama kandoni na kumezeshwa vumbi. Insafu haikubali kwamba shauku ile ile iwe fahari ya taifa kwa tajiri na jinai kwa mwenye mshahara.

Rai yangu, kwa hiyo, ni kwamba kiwanja kifunguliwe, lakini kwa masharti. Si lazima kijengwe kwa mamilioni. Kipande cha lami nyoofu katika uwanja wa ndege usiotumika sana, kilichokaguliwa na wahandisi, chenye kuta, saa na gari la wagonjwa, chatosha kwa usiku mmoja au miwili ya mwezi. Kiwe karibu na mji, maana kilicho mbali hakimfikii anayekusudiwa. Ada yake iwe ndogo kuliko dau la barabarani. Na siku zake zijulikane, ili kijana aweze kungoja. Masharti hayo yakitimizwa, adhabu ya barabarani iongezwe, wala isipunguzwe. California humfunga mkosaji hadi siku 90 na kulizuia gari lake kwa siku 30, na sioni ubaya wa ukali wa namna hiyo, ila naona ubaya wa kuutumia mahali ambapo hapana njia nyingine iliyoachwa wazi. Hakimu anayemwuliza mshtakiwa kwa nini hakwenda kiwanjani ana swali lisilo na jibu. Asiyeweza kuuliza hivyo anaadhibu, lakini bado hajashinda hoja.