Marejeo Themanini, Kichwa Kitupu

Juzi nilihudhuria semina ya wanafunzi wa uzamivu wa uhandisi. Mtoa mada akawaambia, bila hata kusita, kwamba makala ya jarida isiyofikisha marejeo hamsini haina uzito, maana mhakiki huanza kwa kuitazama orodha. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa na kuandika. Nilitamani kusimama nikazime projekta.

Imani hii imeota mizizi kuanzia kwa wasimamizi hadi kwa vijana wao: kwamba mapitio ya machapisho ni kurundika majina. Ndiyo maana tunaletewa kurasa nzima za fulani alichunguza zege, fulani naye akachunguza zege, fulani akaona zege ni imara. Kisha mwandishi anahitimisha kwamba tafiti katika eneo hili bado ni chache. Uchache gani huo, na wewe umetoka kutaja watu themanini?

Waandishi hawa hawasomi wanayoyataja, na hilo limepimwa. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walifuatilia makosa ya uchapaji yanayojirudia kwenye orodha za marejeo. Mmoja akikosea namba ya ukurasa, hilo ni lake. Kosa lile lile likitokea kwa wengine kadhaa, wamenakili orodha ya mwenzao. Walikadiria kwamba ni asilimia 20 hivi tu ya wanaotaja makala ndio walioisoma yenyewe.

Kwa mhandisi, kutosoma kunaangusha madaraja. Daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington nchini Marekani, lilifunguliwa Julai 1940 na kuanguka Novemba 7 mwaka ule ule, kwa upepo usiofika kilomita 70 kwa saa. Lilikuwa jembamba na jepesi mno kwa urefu wake. Lakini upepo ulikuwa umeshayavunja madaraja ya kuning'inia tangu zamani: gati la minyororo la Brighton mwaka 1836, sakafu ya daraja la Menai mwaka 1839, daraja la Wheeling juu ya mto Ohio mwaka 1854. Habari hizo zilikuwa zimeandikwa na zilipatikana. Wasanifu wa miaka ya 1930 walishikilia nadharia yao mpya, iliyouhesabu upepo kama mzigo unaosukuma tu, wakaacha kuwasoma waliowatangulia. Hata baada ya ajali, vitabu vya fizikia vikaendelea kunakiliana maelezo kwamba ni mwangwi wa kawaida wa mitetemo, yaani upepo kulisukuma daraja kwa mdundo ule ule wa mtikisiko wake, mpaka watafiti Billah na Scanlan walipoyakosoa mwaka 1991 na kuonyesha kwamba mwendo wa daraja lenyewe ndio uliokuwa ukivuta nguvu kutoka kwenye upepo.

Hapa kwetu nimehakiki makala kuhusu kuondoa floridi kwenye maji ya Arusha, mkoa ambako meno ya watoto yanageuka kahawia kwa maji ya visima. Orodha imejaa China na India. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichopo Arusha hiyo hiyo, ambako mkaa wa mifupa wa kuchujia floridi umefanyiwa kazi kwa miaka mingi, hakikupata hata mstari mmoja. Nilipandwa na hasira. Mwandishi aligundua upya kitu ambacho angekifuata kwa daladala!

Na tusiulizwe tasnifu za nyumbani zilipo. Zimefungiwa kwenye makabati ambayo funguo zake anazo mtu aliyekwenda likizo, huku fedha zikitafunwa na semina za hotelini zenye mikoba na posho.

Wapo wanaojitetea kwamba muda hautoshi kusoma makala themanini. Nani aliwatuma kuziorodhesha? Someni kumi na mbili, mzisome mpaka kwenye majedwali, mjue saruji ilikuwa ya aina gani na sampuli zilikaa majini siku ngapi kabla ya kuvunjwa.

Wahariri nao wana dawa mkononi. Makala ikifika, wachague marejeo matatu kwenye orodha, wamwandikie mwandishi: huyu alipima nini, kwa kifaa gani, na kazi yake ilikwama wapi? Asiyeweza kujibu arudishiwe makala yake kabla mhakiki hajapotezewa wikiendi.